Maji ya Mgeni

Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado kwenye migomba, Gerson alifungua boneti ya gari lake ili aongeze maji kwenye rejeta. Ndivyo alivyofanya kila Jumamosi. Alishika dumu la njano mkono mmoja, mfuniko wa rejeta mkono mwingine, akamimina polepole huku akisikiliza maji yanavyoshuka. Gari lenyewe lilikuwa fupi lakini limeinuka, la petroli, lile ambalo watu wa mjini huliita SUV ndogo. Huku kijijini, juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai, waliliita tu la Gerson. Aliuza ng'ombe wa maziwa na kipande cha kihamba cha marehemu baba yake ili aliagize Japani, kwa hiyo alilipenda kama mtu anavyolazimika kukipenda kitu kilichomfanya auze shamba la baba yake.

Asubuhi hiyohiyo binti yake, Nice, alitoka jikoni akiwa na jino lake la kwanza kung'oka kwenye kiganja. Mtoto aking'oka jino hulirusha juu ya paa na kutamka maneno yake, kisha anangoja jipya. Nice alirusha. Paa la nyumba lilikuwa juu na mkono wake mfupi, jino likamrudia miguuni. Akarusha tena, likarudi tena. Akageuka, akaona paa la gari.

"Jino bovu chukua, jino jipya niletee!"

Jino liligonga bati, likateleza kwenye kioo cha mbele, likatumbukia kwenye matundu yaliyo chini ya waipa. Gerson akacheka mpaka maji yakamwagikia viatu.

"Umeligawia gari," alisema. "Haya, sasa ungoje likuletee lako."

Susana, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na hakucheka. Yeye alikuja hapo kuolewa akitokea Upare, na meno yake yalikuwa meupe, jambo ambalo mama mkwe wake alilitania mpaka siku ya kufa kwake, akiyaita meno ya kuazima. Meno ya watu wa hapo yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Maji ya mlimani ndiyo yaliyoyapaka, tangu utotoni, kabla hayajatoka kwenye ufizi. Hakuna aliyeona aibu. Mtu akienda Dar es Salaam, akifungua tu kinywa kununua vocha, anaulizwa habari za Arusha, na yeye anajibu kuwa ni njema.

Lakini Susana aliogopa. Aliogopa tangu ana mimba ya Nice, na hofu yake haikuwa ya meno peke yake. Nyumba ya pili kutoka kwake aliishi shemeji yake Kaanaeli, kaka mkubwa wa Gerson, ambaye katika ujana wake alikuwa winga wa timu ya usharika na hakuna beki aliyemshika. Sasa miguu yake ilipinda kwa nje, kila goti likaangalia upande wake, na shingo yake haikugeuka. Ukimwamkia ukiwa nyuma yake, ilibidi azunguke mwili mzima, taratibu, ndipo akuitikie. Daktari alimwambia zamani kwamba ni maji. Kaanaeli alimshukuru daktari, akarudi nyumbani, na kwa kuwa safari ilikuwa ya jua kali akanywa kikombe kizima. Maji hayakumpinda kila mtu. Yalichagua, na hayakusema yanachagua vipi. Kwa hiyo kila Susana alipomwogesha Nice alipitisha mkono kwenye mifupa ya miguu yake, kutoka gotini hadi kwenye kifundo, akitafuta palipopinda.

Haukupita muda gari likaanza kuchemka. Lilipanda vizuri kutoka barabara ya lami, lakini likifika kwenye mawe mshale wa joto ulikwenda juu na mvuke ukatoka mbele. Gerson aliacha kula vizuri. Jumamosi iliyofuata aliwapakia mkewe na mtoto, wakashuka hadi Kijenge, mjini Arusha, kwa fundi Lomayani, Mwarusha wa upande wa magharibi ya mlima, ambaye alitengeneza magari ya petroli tu na hakupenda kuharakishwa.

Lomayani alingoja injini ipoe. Akafungua mfuniko, akaugeuza, akauonyesha. Mpira wa ndani ulikuwa umetafunwa. Kisha akamulika tochi kwenye mdomo wa rejeta.

"Limeota," alisema.

"Limeota nini?"

"Meno, baba Nice. Sogea uone."

Gerson aliinama, na Susana akainama nyuma yake. Mdomo wa rejeta ulizungukwa na meno madogo, yamejipanga vizuri, mengine yameshaanza michirizi ya kahawia. Lomayani aliyagonga kwa spana, moja baada ya jingine. Yalikuwa imara.

"Hivyo ndivyo linavyokutafunia mfuniko," alisema. "Mfuniko haubani, presha inatoka, maji yanachemka. Haya ni ya utoto, yataachia yenyewe. Usiyang'oe kwa nguvu, utatoboa rejeta. Tatizo ni hayo maji yenu. Injini hii ni alumini. Maji ya mlimani yanaweka ukoko ndani, pampu inalika, na gasketi ya hedi ndiyo inafuata. Gasketi ikienda, maji yanaingia kwenye oili, oili inakuwa uji. Hapo tafuta injini nyingine."

Gerson alimwona baba yake, na ng'ombe, na kihamba, vyote vikiwa uji ndani ya injini.

"Nifanye nini, fundi?"

"Kawaida ningesema kulant, ile dawa ya rejeta. Lakini likishakuwa na meno, kulant inaunguza ufizi. Lipe maji ya chupa. Ya bomba la kwenu lisionje tena, hata kidogo. Na oili na filta ubadilishe kwa wakati, usingoje."

"Fundi," Susana alisema, "na mtoto? Maji anayokunywa ni hayohayo."

Lomayani alimtazama Nice kwa muda, ameinamisha kichwa kama anavyofanya akisikiliza injini. Nice akamwonyesha pengo lake.

"Mtoto hana gasketi, mama," Lomayani alisema kwa upole, akatabasamu. Meno yake yalikuwa ya kahawia, na mawili yamemeguka pembeni.

Walirudi na katoni za maji ya chupa kwenye buti. Majirani walikuja kuliona gari, kama wanavyokwenda kumwona mzazi aliyetoka kujifungua. Pudensiana wa dukani aliuliza kama sasa linakula pia, akaambiwa hapana, linakunywa tu, akasema afadhali. Wazee waliangalia mdomo wa rejeta, wakaridhika kwamba kitu kilichotoka Japani kimeanza kufanana na watu. Kaanaeli alikuja wa mwisho. Nice akamwamkia, "Shikamoo, baba mkubwa," naye akazunguka mwili mzima akaitikia, kisha akashika ukingo wa boneti na kuchungulia.

"Limekuwa mwenyeji," alisema. Akalipiga bati kidogo kwa kiganja. "Pole, ndugu yangu."

Chini ya meza ya jikoni kwa Susana kulikuwa na ndoo kubwa yenye koki. Mradi mmoja uliigawa zamani, nyumba kwa nyumba. Ndani yake ulipangwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na maji yaliyopita kwenye mkaa huo yalitoka bila yale madini yake mabaya, yanayopaka meno na kupinda mifupa. Mkaa ulitakiwa kubadilishwa kila baada ya muda, kama filta ya gari. Mradi ulipoisha, watu wake waliagwa kwa sherehe na ndizi nyama, na mkaa haukuonekana tena. Susana aliuliza ofisi ya kijiji, akaambiwa angoje. Alimuuliza mumewe, naye akasema lile ni jambo la mradi. Gerson huyo alikuwa hajawahi kuchelewesha filta ya oili hata kwa juma moja, kibandiko cha fundi kilimkumbusha kwenye kona ya kioo. Susana alingoja mpaka akachoka, akaweka maharage ndani ya ndoo.

Meno ya utoto ya gari yaliachia moja moja. Susana aliyafagia asubuhi chini ya boneti pamoja na majani ya migomba. Makubwa yakaja, na yakaja kahawia, kwa kuwa maji yalikuwa yameshafanya kazi. Kukiwa na baridi ile ya alfajiri inayoshuka kutoka Mlima Meru, Gerson alipowasha injini meno yaligongana kwa muda kabla halijapata joto. Dirisha la chumba cha Nice lilikuwa hapo karibu. Susana alilala akiyasikia, mkono wake umeshika mguu wa mtoto chini ya blanketi, na moyo wake ukienda mbio. Baada ya meno hufuata miguu, aliwaza. Alijua hivyo kwa Kaanaeli, na hakuona kwa nini gari lifuate njia nyingine, au mtoto.

Hivyo akaanza kuiba maji.

Haikuwa kazi ngumu. Buti halikufungwa, maana nani ataiba maji mahali penye mto? Alichukua chupa, akammiminia Nice kikombe chake, akajaza chupa ile maji ya bomba, akakaza kizibo na kuirudisha kwenye katoni. Nice alikunywa akakunja uso.

"Hayana ladha, mama."

"Ndiyo dawa yake. Kunywa, na usimwambie baba."

Kwa mara ya kwanza tangu mimba ile, Susana alipata usingizi wa maana. Pengo la Nice lilikuwa bado wazi, ufizi umevimba kidogo. Jino lilikuwa njiani. Maji mazuri yangelikuta kabla halijatoka. Susana alijiambia hivyo, na alijiambia mara nyingi, kwa sababu hakuwa na hakika.

Gari halikuchukua muda likaanza kuumwa miguu. Mafundi husema hivyo kwa gari lolote lililolegea chini, lakini hili liliumwa kweli. Magurudumu ya mbele yalianza kupinda kwa nje, kila moja likiangalia upande wake, na tairi zikalika ukingo mmoja. Gerson alibana, akalegeza, akabadilisha bushi. Magurudumu yakazidi kupinda. Ukilitazama kwa mbele limeegeshwa kando ya nyumba ya Kaanaeli, naye amesimama mlangoni, ungesema ni watu wa tumbo moja.

Jumapili moja walikuwa wanashuka kwenda kanisani, Gerson kwenye usukani, Susana pembeni, Nice nyuma na gauni lake jeupe. Pale barabara inapojikunja juu ya korongo, Gerson alikata kona na usukani haukugeuka. Shingo ya gari ilikuwa imekakamaa. Alivuta kwa mikono yote miwili. Gari likafanya kama afanyavyo Kaanaeli, likaanza kuzunguka mwili mzima, polepole, huku likiendelea kushuka, na upande wa nyuma ukatoka nje ya barabara. Susana aliona kwa juu migomba iliyo chini korongoni, majani yake yakiwa yamepasuka na upepo. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono nyuma akashika gauni. Gari likakwama kwenye mibuni ya watu, tairi moja ikizunguka hewani, likanyamaza.

Walitoka kwa upande wa mlima. Nice hakuwa na hata mkwaruzo. Susana alimshika kifuani asimwachie, mpaka mtoto ndiye akambembeleza mama.

Gerson alifungua boneti. Alichovya kidole kwenye rejeta, akakitia mdomoni. Mtu wa hapo huyajua maji ya kwao kwa ulimi, hata gizani. Alisimama na kidole mdomoni kwa muda, kisha akageuka.

"Susana. Haya ni ya bomba."

"Ndiyo."

"Ya chupa yako wapi?"

"Amekunywa mtoto."

Gerson alikaa juu ya jiwe. Alikuwa anaogopa naye, sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Ulitaka tufe?"

"Nilitaka anywe maji."

"Mtoto amezaliwa hapa, mama Nice. Mimi nimeyanywa, baba kayanywa, tumesoma, tumeoa. Hili gari ni mgeni. Limetoka kwa watu, halijazoea. Mgeni unamwekea maji yaliyo mazuri, wa nyumbani anakunywa yaliyopo. Ndivyo tulivyolelewa, hata kwenu Upare ndivyo."

"Mgeni siku mbili, baba Nice, ya tatu mpe jembe. Hili lina mwaka wa pili."

Watu wa ibada ya kwanza walikuwa wanapanda, wakaweka vitabu vyao vya nyimbo kwenye nyasi, wakalisukuma gari hadi barabarani. Mmoja aliangalia magurudumu akasema limechoka kama Kaanaeli, wakacheka wote, na wakampa Gerson pole.

"Basi mnunulie na yeye," Susana alisema walipobaki wenyewe.

"Ninayoweza kununua yanatosha gari tu. Na bila gari sifiki kazini, na bila kazi hata hiyo chupa moja hatuioni. Umeona mwenyewe kona ile."

Alikuwa ameiona. Aliiona kila alipofumba macho. Akiiba maji, gari linapinda shingo na mtoto yumo ndani. Asipoiba, mtoto anakunywa ya bomba. Alizigeuza hofu zake mbili huku na huku kama chapati, kila upande unaunguza. Mwishowe akaacha kuiba. Hata hivyo Gerson alilifunga buti, na ufunguo akautundika kwenye mkanda wake.

Gari likapona. Gari, tofauti na mtu, hubadilishiwa spea. Magurudumu yalinyooka kidogo kidogo, shingo ikalainika, na meno ya kahawia yakaanguka yote. Mahali pake yakaota mengine, meupe kabisa, kama punje za mahindi mabichi. Injini ikatulia. Ilipanda mawe bila mshale kutikisika, petroli ikaliwa kidogo kuliko zamani, na Lomayani akasema hajaona injini ya cc ndogo kama ile iliyotunzwa vile. Aliwaita wateja wake waje waangalie. Mchungaji naye, baada ya ibada, aliomba afunguliwe boneti, akatazama, akasema uaminifu katika vitu vidogo huonekana.

Susana alibaki na tumaini moja, na lilikuwa la kitoto, naye alijua. Gari lilipewa jino na Nice. Maneno yalitamkwa kama yanavyotakiwa. Alfajiri moja, kabla Gerson hajaamka, alitoka na kanga begani akafungua boneti. Meno yalimeremeta kwenye mwanga ule mdogo. Alikuwa anaogopa kuyasogelea, lakini akasogea.

"Ulipewa jino," aliliambia. "Mletee la kwake. Jeupe. Moja tu."

Injini ilikuwa ya baridi. Tone la maji lilidondoka mahali fulani ndani, na feni ikajisogeza kidogo, kisha ikatulia. Susana alingoja. Akashusha boneti taratibu ili isipige kelele, akaenda kuwasha moto.

Jino lilitokea siku za baridi. Nice alilihisi kwa ulimi kabla mtu hajaliona. Susana alimpeleka mlangoni kwenye mwanga, akamwinua kidevu. Ncha ilikuwa imechomoza, ndogo, na katikati yake palikuwa na mchirizi. Alichukua pembe ya kanga akasugua. Akalowesha kanga kwa mate, akasugua tena, mpaka Nice akasema anaumia. Mchirizi ulikuwa ndani ya jino.

Susana alikaa kwenye kizingiti. Moyo wake ulifanya kitu ambacho hakukitegemea, uliacha kwenda mbio. Jambo aliloliogopa miaka yote lilikuwa limeshaingia ndani na kukaa, na nyuma yake, akajua, kulikuwa na miguu.

Nice alikwenda kujitazama kwenye kioo cha pembeni cha gari.

"Limekuja, mama!" alipiga kelele za furaha. "Kama la baba!"

Jumamosi Gerson alifungua boneti. Nice aliomba amsaidie, akapewa chupa, akasimama juu ya kigoda na kuishika kwa mikono miwili ili hata tone lisimwagike. Gari lilikunywa. Kaanaeli alikuwa anapita, akasimama, akazunguka, akamsifu mtoto kwa mkono usiotetemeka. Maji yaliyobaki kwenye chupa Gerson aliyafunga kizibo, akayarudisha kwenye buti, akageuza ufunguo.

Jua lilikuwa limeshapanda, na kazi ile ilimpa Nice kiu. Alishuka kwenye kigoda, akaingia jikoni, akachota kikombe kutoka dumu la njano. Susana alikuwa anachambua maharage mezani. Aliacha kuchambua, akamtazama mwanawe akinywa mpaka kikombe kikaisha.

"Haya yana ladha," Nice alisema, akachota tena.